Kijiti cha Cheche Mkononi mwa Mtoto: Usalama wa Fataki Tarehe 4 Julai

Kila tarehe 4 Julai, Marekani huadhimisha uhuru uliotangazwa mwaka 1776. Desturi ya kurusha fataki siku hiyo ni kongwe. Mji wa Philadelphia ulizishuhudia tangu mwaka 1777. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini humu nazo hujumuika na majirani kusherehekea. Hata hivyo, watumiaji wengi huamini kwamba fataki ndogo haina madhara maadamu inauzwa dukani. Somo hili linakusudia kuiondoa dhana hiyo.

Kabla ya kununua

Sheria za fataki hutofautiana baina ya jimbo na jimbo, na pengine baina ya mji na mji. Massachusetts, kwa mfano, humkataza mtu asiye na leseni kuwasha fataki ya aina yoyote, vijiti vya cheche vikiwamo. Tunamshauri mtumiaji aulize kwanza kikosi cha zimamoto cha mji wake.

Sheria ya shirikisho nayo huweka mipaka. Fataki ya kulipuka ardhini inayouzwa kwa raia haipaswi kuwa na baruti inayozidi miligramu 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya gramu. Utambi wake sharti uwake kwa sekunde 3 hadi 9, ili mwashaji apate nafasi ya kuondoka. Fataki za M-80, ambazo hukivuka kiwango hicho mara nyingi, zilipigwa marufuku mwaka 1966. Kwa hiyo, fataki isiyo na onyo, maelekezo wala jina la mtengenezaji au msambazaji isinunuliwe, hata bei yake ikiwa nafuu.

Kijiti cha cheche

Hiki ndicho wazazi wengi huwapa watoto, wakidhani ni salama kwa kuwa hakilipuki. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kijiti hiki huwaka kwa nyuzi zipatazo 1,100. Cheche moja yatosha kuwasha gauni jepesi, na waya wake huendelea kuunguza hata mwanga ukishazimika. Methali husema mtoto akililia wembe mpe. Kwa kijiti hiki, wosia huo haufai. Mtoto apewe tochi ndogo au taa ya rangi, naye atafurahi vilevile.

Wakati wa kuwasha

1. Awashe mtu mzima ambaye hakunywa pombe, mahali pa wazi, mbali na nyumba, magari na majani makavu.
2. Ndoo ya maji au mpira wa maji uwe karibu kabla ya kuwasha.
3. Iwashwe fataki moja kwa wakati mmoja, kisha mwashaji aondoke mara moja. Asiinamie fataki wala kuishika mkononi.
4. Fataki iliyokataa kulipuka isiwashwe tena. Iachwe kwa dakika 20, kisha itumbukizwe majini.
5. Mabaki yote, pamoja na waya za vijiti, yaloweshwe kabla ya kutupwa jalalani.

Ajali ikitokea

Nguo ikishika moto, mhusika asikimbie. Alale chini na kubingirika hadi moto uzimike. Mahali palipoungua papozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Pasipakwe mafuta, asali wala dawa ya meno, na pasiwekwe barafu. Jicho lililoumia lisisuguliwe, lisioshwe wala lisibonyezwe; majeruhi afikishwe hospitali bila kukawia. Kwa jeraha kubwa au moto, piga simu namba 911.

Maonyesho yanayoandaliwa na miji huendeshwa na wataalamu wenye leseni, na mengi hutazamwa bila malipo. Tunaihimiza kila familia iyatazame hayo kwa umbali uliowekwa, ili watoto wote warudi nyumbani salama. Tahadhari kabla ya hatari.