Risasi ya Kiwandani na Risasi Iliyojazwa Upya: Namna ya Kuzitambua bila Kuzigusa

Mapigano ya Goma ya mwishoni mwa Januari 2025 hayakukomea kwenye mstari wa mpaka. Tarehe 27 ya mwezi huo risasi na makombora yalivuka na kuangukia Gisenyi na viunga vyake, yakaua na kujeruhi raia wasiokuwa na silaha. Wenyeji walikumbuka Agosti 2013, wakati kombora lilipomwua mwanamke mmoja wa mji huu. Baada ya siku kama hizo milio hukoma, lakini vyuma hubaki ardhini. Jembe la mkulima, ufagio wa siku ya umuganda au mkono wa mtoto anayeokota chuma chakavu waweza kukutana na kipande kidogo cha rangi ya shaba muda mrefu baada ya watu kusahau.

Somo la toleo hili linahusu kipande hicho. Wengi huuliza: risasi iliyookotwa hujulikanaje kwamba imetoka kiwandani jinsi ilivyo, au kwamba ni ganda kuukuu lililojazwa tena na fundi? Swali hilo ni la maana, kwa kuwa majibu yake mawili humpeleka mpelelezi njia mbili tofauti. La kwanza humwelekeza kwenye ghala na kwa wale waliolifungua. La pili humwelekeza kwenye karakana au nyumba ya mtu, pengine isiyo mbali.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Katika mazungumzo ya kila siku neno "risasi" hubeba vitu viwili: kitu kizima kinachotiwa katika bunduki, na kile kichwa peke yake kinachoruka na kumpata mtu. Risasi nzima ina sehemu nne. Ganda ni kikopo cha chuma au cha shaba ya njano. Katika kitako chake hupachikwa fataki, ambayo hulipuka inapogongwa na pini ya bunduki. Ndani mna baruti. Na mdomoni hubanwa kichwa. Bunduki ikifyatuliwa, kichwa huenda zake, na ganda hutemwa kando ya mfyatuaji.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwetu tunaoishi mpakani. Bunduki iliyofyatuliwa ndani ya Goma haiwezi kutupa ganda Gisenyi. Huleta kichwa tu. Ganda tupu likikutwa katika shamba la Rubavu, ama kuna mtu aliyefyatua akiwa pale pale, ama kuna mtu aliyelibeba. Sasa mfikirie mtoto aliyeokota maganda ishirini ng'ambo, akayavusha mfukoni kwa kuchezea, kisha akayamwaga nyuma ya nyumba ya jirani. Hakukusudia ubaya wowote, lakini ameacha ushahidi wa uongo, na jirani huyo ndiye atakayeulizwa maswali. Wapelelezi hujaribu kuupata ukweli kwa kuangalia kutu, udongo ulioshika na jinsi maganda yalivyotawanyika. Kazi hiyo huwa nyepesi zaidi pasipokuwa na mkono mwingine uliokwisha kupita.

Kitako cha ganda ndicho chenye habari nyingi. Viwanda vingi hugonga hapo herufi au namba ya kiwanda pamoja na mwaka. Katika risasi nyingi za Kalashnikov, zile za milimita 7.62 kwa 39, namba ya kiwanda huwa upande mmoja na tarakimu za mwaka upande wa pili. Kenya ina kiwanda chake Eldoret, na maganda yake hubeba herufi KOFC. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilichapisha utafiti kuhusu Turkana, kaskazini mwa Kenya. Risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji zilisomwa vitako vyake, na herufi hizo za KOFC zikawaongoza watafiti hadi kwenye hifadhi za vyombo vya dola. Twaitaja habari hiyo makusudi katika jarida la polisi: alama ya kitakoni haina upendeleo, humtaja askari aliyekosa kama imtajavyo mlanguzi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vikwazo vya silaha Kongo nao hupiga picha vitako vya maganda kwa sababu hiyo hiyo.

Risasi iliyojazwa upya huvuruga habari hiyo. Ganda lililokwisha kutumika hutiwa fataki nyingine, baruti nyingine na kichwa kingine, ilhali maandishi ya kitakoni hubaki yale ya zamani. Yasemayo ni kweli juu ya ganda tu. Juu ya vilivyomo ndani hayasemi lolote. Marekani na katika baadhi ya nchi za Ulaya walenga shabaha huifanya kazi hii kihalali ili kupunguza gharama.

Hata hivyo si kila ganda hukubali kujazwa tena. Katika miaka ya 1860 Mmarekani Hiram Berdan na Mwingereza Edward Boxer walibuni, kila mmoja kwa njia yake, namna ya kupachika fataki. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na fataki iliyotumika hutoka kwa urahisi. Ganda la Berdan lina kinundu katikati na kwa kawaida matundu mawili madogo kando yake, na kuiondoa fataki yake ni taabu. (Ajabu ni kwamba mtindo wa Mwingereza ndio ulioenea Marekani, na wa Mmarekani ukaenea katika majeshi ya nchi nyingine nyingi.) Risasi nyingi za kijeshi za Kalashnikov ni za mtindo wa Berdan, tena ganda lake ni la chuma, kisichovumilia matumizi ya mara ya pili kama shaba ya njano. Kwa hiyo uvumi kwamba risasi za bunduki za kivita "hupikwa" mitaani haufai kuaminiwa upesi. Palipo na ujazaji wa kienyeji, ganda jepesi kujazwa ni la bunduki ya marisau, lile pana la plastiki au karatasi ngumu linalotumiwa na wawindaji.

Jicho lililozoea huangalia nini, basi? Katika risasi ya kijeshi iliyotoka kiwandani, mara nyingi fataki huzungukwa na mstari mwembamba wa rangi, nyekundu au kijani kwa mfano, unaozuia maji kuingia. Mdomo wa ganda nao huweza kuzibwa vivyo hivyo. Vichwa huzama kwa kina kimoja, na risasi za kasha moja huwa na vitako vinavyolingana. Iliyojazwa upya huelekea kukosa mstari huo. Fataki yake hung'aa ilhali ganda limefifia; ukingo wa kitako huwa na mikwaruzo ya bunduki iliyolitema mara ya kwanza; na katika fungu moja hukutwa vitako vya viwanda na miaka tofauti. Kwa ganda la marisau, mdomo uliokunjwa na mashine ya kiwandani hufanana na nyota iliyopangika, na uliofungwa tena huonekana umechakaa au umezibwa kwa nta au gundi.

Hakuna hata moja ya dalili hizi inayotosha peke yake. Mvua na joto huondoa rangi. Risasi iliyotiwa katika bunduki ikatolewa bila kufyatuliwa hubaki na mikwaruzo. Fungu lenye vitako mchanganyiko laweza kuwa risasi halisi za kiwandani zilizokusanywa hapa na pale. Uamuzi ni wa wataalamu wa maabara ya uchunguzi wa jinai mjini Kigali, ambao huliweka ganda chini ya hadubini na kusoma alama ambazo jicho tupu halizioni.

Mwananchi basi aangalie, asishike. Risasi iliyojazwa kwa baruti isiyopimwa yaweza kuipasua bunduki usoni mwa mwenye kuifyatua, lakini anayeokota hukabiliwa na hatari nyingine. Tunayoihofia zaidi ni ile yenye kishimo kwenye fataki huku kichwa kikiwa bado mdomoni: mtu hudhani imekufa, kumbe iligoma tu. Ikitupwa motoni, au ikipigwa nyundo na mnunuzi wa chuma chakavu anayetaka shaba yake, hupasuka, na vipande vya ganda huumiza macho na mikono. Tena palipoanguka risasi paweza pia kuwa na guruneti au kombora ambalo halikulipuka.

Sheria ya silaha ya Rwanda ya mwaka 2018 inahusu risasi pia, na kuzimiliki bila kibali ni kosa, hata kama ziliwekwa kabatini kwa ukumbusho. Ukiona kitu cha namna hii, simama, warudishe watoto nyuma, usikioshe wala kukisogeza, kisha piga simu 112 au mwarifu kiongozi wa mudugudu. Eleza ni mahali gani, umeona nini, na kama kuna aliyekigusa. Mtoto akiwa amekwisha kukileta nyumbani, lisemwe hilo nalo bila kumfokea. Kitu kiachwe hapo kilipo, watu watoke chumbani, na askari waje kukichukua wenyewe.