Mistari Juu ya Bawa: Uchunguzi na Uwiano katika Kutengeneza Mifano ya Ndege

Katika vipindi vya kazi za mikono, ni vitu vichache ambavyo watoto wa shule za msingi huvitengeneza kwa moyo kama magari na ndege. Huku Upareni mtoto hangoji mwalimu amwonyeshe namna ya kuanza. Atatafuta mabua, waya, makopo, na hasa mlingoti wa mkonge uliokauka, naye atakuletea ndege yenye mabawa, mkia na magurudumu. Kazi ya mwalimu, basi, ni kumfundisha kutazama. Makala haya yanahusu sehemu ndogo ya kazi hiyo ambayo wengi wetu huwaachia wanafunzi wenyewe: mistari, ribiti na vifuniko vinavyoonekana juu ya mwili wa ndege.

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya tambarare ya Same, niliwapa wanafunzi wa Darasa la Sita kazi ya kutengeneza mfano wa ndege ndogo. Siku ya kusahihisha nilivutiwa mno na ndege moja iliyojaa mistari kila mahali. Ilikuwa imechorwa kwa ncha ya kisu, miraba kwa miraba, na kila mraba umezungushiwa matundu ya msumari. Nikaipa alama 18 katika 20. Kando yake palikuwa na ndege nyingine iliyokuwa karibu tupu, yenye mistari michache tu, tena hafifu. Hiyo niliipa alama 9, nikaandika kwamba mwenyewe hakumaliza kazi.

Msichana aliyeitengeneza alinijia kwa adabu baada ya kipindi, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Kazi yangu nimeimaliza. Hii ni ndege ya Mkomazi. Mistari ambayo sikuiona, sikuichora.” Kisha akanionyesha kwa kidole: huu ni mlango wa rubani, nao uko upande wa kushoto peke yake; upande wa kulia, nyuma, uko mlango mkubwa wa kupakilia mizigo; hapa ndipo kibawa kinapogeuka. Nilimwita yule mvulana wa kwanza, nikamwuliza mistari yake ni ya nini. Akajibu, “Sijui, Mwalimu, lakini ndege huwa na mistari.”

Alama zilikuwa zimekwisha kusomwa mbele ya darasa. Kesho yake nilizisahihisha mbele ya darasa lile lile, jambo ambalo halikuwa jepesi kwangu wala kwa mvulana yule. Nilipotafakari niliona kwamba yeye hakukosa. Aliyekosa ni mimi, niliyetoa kazi bila kueleza kwamba kila mstari unaochorwa juu ya mfano ni usemi kuhusu kitu halisi, na usemi huo unaweza kuwa kweli au uongo.

Mahali pazuri pa kuanzia somo ni nje ya darasa, chini ya paa. Waulize wanafunzi kwa nini bati moja limelazwa juu ya jingine, na kwa nini la juu ndilo linalolalia la chini. Watajibu mara moja kwamba maji yasiingie. Ndege nyingi ndogo zimevishwa vivyo hivyo. Mifupa yake ya ndani imefunikwa kwa mabati membamba ya alumini, ambayo unene wake haufiki milimita 1, na mabati hayo yamelaliana kingo na kufungwa kwa ribiti. Hapo kinachopita si maji bali upepo, kwa hiyo kwa kawaida bati la mbele hulalia la nyuma ili upepo usipate ukingo wa kuudaka. Mwanafunzi aliyeelewa paa la shule yake ameuelewa mstari wa kwanza wa ndege. Baadaye mpeleke kwa fundi bati wa sokoni, aone jinsi ukingo unavyokunjwa, ribiti inavyogongwa na lehemu inavyomiminwa, naye mwenyewe ataeleza kwa nini kiungo cha karai hakifanani na kiungo cha bawa.

Hata hivyo, tusimfundishe kwamba ndege zote ni sawa. Junkers Ju 52, ndege ya Kijerumani ya miaka ya 1930, ilivishwa bati la mikunjo kama la paa. Fokker Friendship, zilizotumiwa na Shirika la Ndege la Tanzania baada ya kuanzishwa mwaka 1977, ziliunganishwa sehemu nyingi kwa gundi maalumu ya chuma, kwa hiyo safu za ribiti ni chache kuliko mtu anavyodhani. Nayo Boeing 787 iliyopokelewa nchini mwezi wa Julai 2018 ina kiwiliwili kilichofanywa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja, katika vipande vikubwa mithili ya mapipa. Anayeijaza miraba ya mabati anachora ndege nyingine kabisa.

Kwa darasa nashauri kuchagua ndege ndogo ya aina ya Cessna 206, ambayo ni maarufu katika viwanja vya porini vya nchi yetu. Watoto wa Same waweza kuona ndege ndogo zikiruka chini chini juu ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Shule za milimani, kama zile za upande wa Chome au Suji, hazina nafasi hiyo, nazo zitategemea picha. Mwalimu atafute picha mbili au zaidi, walau moja ya kila ubavu, kwa sababu kama msichana yule alivyoniambia, mbavu mbili za ndege hii hazifanani.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo kiini cha somo. Upana wa Cessna 206 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni karibu meta 11, na urefu wake ni karibu meta 8.6. Tukichukua skeli ya 1:20, kama tufanyavyo katika ramani, mabawa yatakuwa sentimita 55 na urefu sentimita 43. Hadi hapo wanafunzi hawapati taabu. Taabu huanza tunapogeuza hesabu kinyume. Mwambie mwanafunzi apime upana wa mfuo alioukata kwa kisu. Akipata milimita 1, azidishe kwa 20. Jibu ni sentimita 2, yaani ufa ambao kidole cha mtu mzima kinaingia. Je, rubani angekubali kupanda ndege yenye nyufa za namna hiyo kila mahali? Kisha apime tundu la msumari. Milimita 2 mara 20 ni sentimita 4, yaani ribiti kubwa kuliko kifuniko cha chupa ya soda, hali kichwa cha ribiti halisi ni karibu milimita 5 tu. Darasa langu lilicheka sana siku ile, na yule mvulana alikuwa wa kwanza kucheka. Tangu hapo alikuwa akipima kila kitu.

Swali la kinyume ni gumu zaidi. Bati lenye unene wa nusu milimita litakuwa na unene gani katika mfano? Ni sehemu 1 ya 40 ya milimita, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Hakuna mkono wa mtoto, wala wa mwalimu, unaoweza kukata kitu hicho. Hapa ndipo mwanafunzi anapojifunza kwamba mfano hauwezi kuonyesha kila kitu, na kwamba mtengenezaji hana budi kuchagua. Napendelea achague machache.

Njia ninayoitumia ni kuigawa mistari katika aina tatu kabla ya mtu yeyote kushika kisu. Kwanza ni mistari ya sehemu zinazosogea: vibawa vya kugeuzia vilivyo nyuma ya mabawa, usukani wa mkiani, na vibawa vya kuinulia na kushushia. Hapo upo mwanya wa kweli, kwa hiyo mkato wa kisu unafaa, lakini uwe mwembamba kadiri iwezekanavyo na uongozwe na rula. Pili ni vitu vinavyofunguliwa na kufungwa, kama milango, kifuniko cha injini, vifuniko vya matangi ya mafuta juu ya mabawa, na vile vya duara vya ukaguzi chini yake. Hivi vichorwe kwa penseli ngumu iliyochongwa vizuri. Tatu ni viungo vya mabati ambavyo havifunguliwi kamwe. Hivi ndivyo vingi kuliko vyote, na ndivyo vinavyostahili kuonekana kidogo kuliko vyote. Mtoto aliyeachwa peke yake hufanya kinyume.

Kwa viungo hivyo vya tatu, njia bora ni kubandika tabaka jembamba badala ya kukata mfuo. Je, karatasi ya daftari inafaa? Usiwajibu. Waambie wahesabu karatasi 100 za kitabu, wazibane pamoja na kuzipima. Watapata karibu sentimita 1, maana yake karatasi moja ni karibu sehemu 1 ya 10 ya milimita. Mara 20 ni milimita 2. Bado ni nene mno. Karatasi shashi ni bora, na karatasi ya fedha iliyomo ndani ya pakiti ya sigara, ikibanduliwa kutoka kwenye karatasi yake nyeupe, ni bora zaidi, maana tayari ina rangi ya alumini.

Kuhusu mbao zenyewe, mlingoti wa mkonge hautuangushi. Mkonge hutoa mlingoti mmoja mwishoni mwa maisha yake, kisha hufa. Katika nyanda za upande wa Ndungu, palipo na mashamba ya mkonge, si kazi kuupata. Ukikauka ni mwepesi, nao hukatika kwa kisu kidogo. Ondoa ganda gumu la nje. Kwa kuwa moyo wake una vinyweleo vingi, upakwe uji mzito wa unga wa muhogo uliochanganywa na vumbi la chaki, uachwe siku nzima, kisha usuguliwe kwa msasa. Fanya hivyo mara mbili. Palipo na mti wa msasa, tumia majani yake, watoto wajue jina la karatasi ile lilikotoka. Mistari ichorwe baada ya rangi ya kwanza kukauka, kwani juu ya mti mtupu penseli hukwaruza na kupotoka.

Ribiti zinaweza kuachwa kabisa, hasa kwa Darasa la Tano. Kwa wanaotaka, gurudumu la meno la saa mbovu likiviringishwa kwa wepesi kando ya rula, upande wa nyuma wa karatasi ya fedha, huacha safu ya vipele vilivyo sawa. Meno yakiachana kwa milimita 1, vipele vitawakilisha ribiti zilizoachana kwa sentimita 2, jambo linalokubalika. Anayetumia bati la kopo akunje kingo kwanza. Mwalimu asiruhusu mkasi wa bati utumike bila yeye kuwapo.

Mwisho huja vumbi. Ndege inayotua kwenye viwanja vya udongo haibaki nyeupe. Chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa, uguse kwa pamba chini ya tumbo na nyuma ya magurudumu. Masizi kidogo ya taa yapakwe nyuma ya bomba la moshi. Pangusa daima kutoka mbele kwenda nyuma, kama upepo unavyopita. Vumbi likibaki ndani ya mistari, mstari wa penseli uliokuwa hauonekani utajitokeza wenyewe.

Katika kusahihisha, siku hizi ninagawa alama 20 hivi: 8 kwa vipimo, 4 kwa unadhifu, na 8 kwa maelezo. Ninaweka kidole juu ya mistari mitatu yoyote na kuuliza, “Huu ni wa nini?” Mwanafunzi akisema ameuona kwenye picha lakini hajui kazi yake, hapotezi alama zote, maana ameona. Akisema aliuweka kwa sababu sehemu ile ilikuwa tupu, tunachukua msasa.