SOMO LA MWEZI: DAUDI NA YOABU
Mkubwa wa jeshi afanye nini na askari asiyetii?

Masomo: 2 Samweli 3:20-39, 2 Samweli 20:4-13, 1 Wafalme 2:28-34



Wengi wetu tulifika katika makazi haya kwa sababu ya watu wenye bunduki. Na mara nyingi, kijiji kikiisha kuchomwa, tulisikia neno hili: "Mkubwa hakutoa amri, ni vijana tu walikosa nidhamu." Je, jibu hilo linatosha mbele za Mungu? Tuangalie habari za mfalme Daudi na jemadari wake Yoabu.

1. YOABU ALIFANYA NINI?

Yoabu alikuwa mwana wa Seruya, dada yake Daudi (1 Nyakati 2:16). Kwa hiyo mfalme alikuwa mjomba wake. Alikuwa hodari wa vita, lakini mara tatu alimwaga damu kinyume cha mapenzi ya mfalme.

Kwanza, Abneri. Jemadari huyu wa nyumba ya Sauli alikuja Hebroni na watu 20 kutengeneza amani. Daudi akawafanyia karamu, akamwacha aende salama. Yoabu aliporudi, alituma watu wamrudishe Abneri, Daudi asijue. Akamvuta kando pale langoni kama mtu mwenye neno la siri, akamchoma tumboni. Alikuwa analipiza kisasi cha ndugu yake Asaheli, aliyeuawa na Abneri vitani.

Pili, Absalomu. Daudi aliwaagiza majemadari wake watatu, watu wote wakisikia, wamtendee kijana yule kwa upole. Yoabu alimkuta ananing'inia kwenye mti, akamchoma mikuki mitatu (2 Samweli 18:5, 14).

Tatu, Amasa. Daudi alimpa Amasa kazi ya Yoabu. Yoabu alikutana naye Gibeoni, akamshika ndevu kama mtu anayetaka kumbusu, akamwua. Na sura hiyo hiyo inamaliza kwa kutuambia kwamba Yoabu alikuwa tena juu ya jeshi lote (20:23).

2. DAUDI ALIPUNGUKIWA WAPI?

Abneri alipokufa, Daudi alilia kaburini, alifunga, alimlaani Yoabu na nyumba yake. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna hukumu iliyotolewa. Mwenyewe alikiri kwamba wana wa Seruya walikuwa wagumu kwake (3:39). Alimhitaji Yoabu kwa vita, tena Yoabu alikuwa damu yake.

Baadaye mambo yakaharibika zaidi. Daudi aliandika barua ya kumwangamiza Uria, akaituma kwa Yoabu (2 Samweli 11:14-15). Amri hiyo mbaya, Yoabu aliitii! Biblia haisemi kama barua hiyo ndiyo iliyomfunga Daudi mdomo. Lakini sisi sote tunajua: mkubwa aliyemtuma askari wake dhambini anapata shida kumwangalia machoni siku ya kumkemea.

Hata alipomvua cheo, watu wa Yoabu waliendelea kutoka naye vitani (20:7), na upanga ulibaki kiunoni mwake. Amasa ndiye aliyelipa.

Daudi alitawala miaka 7 na nusu Hebroni, na miaka 33 Yerusalemu. Damu ya Abneri ilimwagika siku za Hebroni, lakini hukumu ilikuja Daudi akiwa amekwisha kufa. Ni zaidi ya miaka 30. Kazi aliyoshindwa baba ikaachwa kwa mwana. Sulemani akamtuma Benaya, na Yoabu akafa akiwa ameshika madhabahu.

3. SI KILA ASIYETII NI MUASI

Sauli aliwaamuru askari wake wawaue makuhani wa Bwana. Walikataa kunyosha mikono yao. Doegi Mwedomi ndiye aliyetii, akaua makuhani 85 siku moja (1 Samweli 22:17-18). Hapo waliokataa ndio waliomcha Mungu.

Tena, Yoabu alimwonya Daudi uso kwa uso asihesabu watu (2 Samweli 24:3), na alikuwa na haki. Kumwambia mkubwa neno usoni si uasi. Uasi ni kutuma watu nyuma ya mgongo wake.

4. KIONGOZI AFANYE NINI?

(a) Achunguze amri yake kwanza. Kama ni mbaya, aifute, wala asimwadhibu aliyekataa.

(b) Azuie mapema. Katika pango la En-gedi, Daudi aliwazuia watu wake kwa maneno wasimdhuru Sauli (1 Samweli 24:7). Aliweza!

(c) Amsikilize, kisha ahukumu kwa sheria. Asihukumu kwa hasira, wala asiangalie undugu au kabila.

(d) Amwondolee silaha na watu, siyo cheo tu. Kumvua mtu cheo na kumwachia upanga ni kumchimbia Amasa kaburi.

(e) Asiahirishe. Kosa lisilohukumiwa linazaa la pili.

Hata sheria za mataifa zinasema hivyo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, kifungu cha 28, unasema kamanda anaweza kuhukumiwa kwa makosa ya askari walio chini yake, kama alijua, au alipaswa kujua, na hakufanya yaliyo katika uwezo wake kuwazuia au kuwafikisha kwenye sheria. "Sikutoa amri" siyo kinga.

Kwa hiyo, mama uliyefiwa, unapouliza kama mkubwa wao hakujua, swali lako ni la haki. Mungu hakuisahau damu ya Abneri, ingawa mfalme aliyempenda ndiye aliyenyamaza. Na wewe kijana, kama siku moja utarudi nyumbani na kupewa watu wa kuongoza, kumbuka Hebroni. Nasi wazee wa kanisa tujiulize: ni nani tunayemwogopa kumkemea kwa sababu ana faida kwetu?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Daudi angefanya nini siku ile ile Abneri alipouawa?
2. Kuna tofauti gani kati ya askari wa Sauli waliokataa, na Yoabu?
3. Kusamehe na kuacha bila hukumu, je, ni kitu kimoja?