Somo: Kuwakumbuka Waliokufa Vitani

Mwezi Juni 1916 askari wa Force Publique, jeshi la Kongo chini ya Wabelgiji, waliiteka Usumbura, mji ulio ng'ambo ya ziwa kuelekea Uvira, ambao leo huitwa Bujumbura. Tarehe 19 Septemba waliingia Tabora. Wengi walikufa: askari kwa risasi, wapagazi kwa maradhi na uchovu wa mizigo. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa.

Je, Mungu amewasahau? La. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, chasimulia habari za Yuda na askari wake waliouawa. Chini ya nguo zao zilionekana hirizi, walizokatazwa na Sheria. Hata hivyo Yuda hakuwatupa. Alichanga fedha, akazipeleka Yerusalemu, sadaka itolewe kwa ajili yao.

Basi, kumkumbuka askari si kuisifu vita, wala kuyaficha makosa yake. Ni kumtaja kwa jina, kwa kijiji chake, kwa jembe au wavu aliouacha, kisha kumwombea.

Maswali: Yuda aliwatendea nini wafu wake? Ni nani katika ukoo alikwenda vitani asirudi? Jina lake lingali latajwa nyumbani?