Kabla Hujamlaumu Ng'ombe, Angalia Udongo

Wanachuo wenzangu, mwaka wa pili tulipokwenda fildi Ngorongoro niliandika kwenye daftari sentensi niliyoiona ya kisomi kweli: "Eneo limechakaa kwa kuchungwa kupita kiasi." Basi lilikuwa limeteremka kutoka kwenye msitu wenye ukungu, likaibukia kwenye uwanda unaoelekea Serengeti. Mti hakuna. Nyasi hazifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Kwa mbali, ng'ombe na mchungaji wao. Nikaunganisha, nikafunga daftari. Kumbe nilikuwa nimedesa jibu kabla ya kusoma swali.

Tuanze na mvua. Pepo za Bahari ya Hindi zikigonga milima ya Ngorongoro hupanda, hupoa na kumwaga maji upande wa mashariki. Zikishavuka, zinashuka magharibi zikiwa kavu. Ndiyo maana pale Olduvai, chini ya milima, mwaka mzima hupatikana kama milimita 500 tu, wakati kaskazini mwa Serengeti, karibu na mpaka wa Kenya, zinafika 1,000.

Sawa, lakini Dodoma nayo haipati nyingi sana kuliko hizo, na miti ipo. Kwa hiyo mvua peke yake haitoshi. Jibu liko chini ya soli ya kiatu.

Pepo hizohizo, kwa maelfu ya miaka, zimebeba majivu ya volkano na kuyamwaga magharibi. Volkano iliyo hai hadi leo ni Ol Doinyo Lengai, iliyorusha majivu mwaka 1966 na tena 2007. Majivu hayo yana chokaa na soda. Mvua ikinyesha huyeyusha chokaa na kuishusha kidogo, ila maji yenyewe ni machache. Hukauka kabla ya kufika mbali, na chokaa huganda palepale. Rudia hivyo miaka na miaka, unapata sakafu ngumu kama zege chini ya udongo mwembamba. Mzizi wa mti ukifika hapo unagota. Wanaomudu ni wenye mizizi mifupi: nyasi kama Sporobolus na Digitaria, na Kyllinga, ambayo ni ya jamii ya ndago. Nao hukauka upesi, maana udongo wa namna hiyo ni kikombe, si pipa.

Ukitaka kuhakikisha, tazama miti michache iliyopo imesimama wapi. Migunga iko kwenye makorongo, ambako maji yameikata ile sakafu. Mingine imejishika kwenye nyufa za vilima vya mawe. Endelea kwenda kaskazini-magharibi: majivu yanapungua, mvua inaongezeka, nyasi zinafika magotini, na ukikaribia Seronera miti inaanza.

Sisemi mifugo haina athari. Nyumbu wenyewe huzifupisha nyasi hizo, na ukizungushia kipande uzio zitarefuka kiasi. Idadi ya ng'ombe ijadiliwe, hasa sasa ambapo tangu 2022 kaya zinahamia Msomera na mjadala umekuwa moto. Ila hoja isianzie kwenye picha ya uwanda usio na miti, kwa sababu picha hiyo haithibitishi alichofanya ng'ombe.

Halafu kuna hili lililonifanya nifute sentensi yangu. Nyasi zile zinazoonekana duni zina madini mengi, kalisi na fosforasi, yanayohitajika kwa maziwa. Nyumbu zaidi ya milioni hushuka huko wakati wa mvua, na mwezi wa pili majike huzaa, wengi ndani ya wiki tatu hivi. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichowadhuru wao lakini huua ng'ombe. Kwa hiyo Wamaasai, malisho yakiwa kwenye ubora wake, huondoa ng'ombe na kupanda nao milimani. Wakirudi uwandani nyumbu wameshapita, na kilichobaki ni zile nyasi fupi nilizowaandikia wao kosa.