Opereta wa Simu za Viziwi

Leo tuangalie kazi moja ya huko Marekani. Sheria ya mwaka 1990 iliagiza kampuni za simu ziwe na huduma ya kuwaunganisha viziwi na wanaosikia kufikia Julai 1993. Kiziwi aliandika kwa mashine, opereta akamsomea anayesikia, halafu akampigia taipu jibu. Taabu ni kwamba hakuruhusiwa kupunguza wala kuongeza neno. Hata tusi alilitamka yeye! Wengine walimkatia simu wakimdhania mchuuzi, na kiziwi akabaki hivyo hivyo. Miaka ya 2000 matapeli walijifanya viziwi kwa intaneti, wakaagiza bidhaa kwa kadi za wizi. Opereta alishuku, lakini kazi yake ilikuwa kusoma tu.

Swali: mwenzetu kiziwi akisemewa na mwanawe mkutanini, sisi humtazama nani?