Paka na Majani Yanayomlevya

Wazee wengi watasema kwamba paka hafugwi ili achezewe, bali awamalize panya. Neno hilo lina haki yake. Lakini mtazameni paka asiye na panya wa kuwinda: atavizia miguu ya wapitao, atarukia pindo la pazia, ataburura uzi penye cherehani. Hayo yote ni mawindo. Paka hucheza kwa mwendo ule ule anaoutumia kuua, yaani hunyemelea, huruka, hukamata kwa kucha, kisha hung'ata. Basi kichezeo chema ni kile kinachofanana na panya kwa ukubwa na kwa mwendo, tena chenye kustahimili meno.

Uko mmea wa jamaa ya mnanaa, asili yake Ulaya na Asia, ambao Waingereza huuita catnip, nasi twaweza kuuita mnanaa wa paka. Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Nepeta cataria. Paka akiunusa hujisugua mashavu, hutafuna, hutoka udenda na kugaagaa chini kama mlevi. Baada ya dakika 10 au 15 huinuka akaenda zake kana kwamba hapakuwa na jambo, na ukimpa tena papo hapo hatajali. Mwache saa moja au zaidi.

Kinachofanya kazi hiyo ni mafuta yaliyomo katika majani, yaitwayo nepetalaktoni, ambayo wanakemia wa Wisconsin, Marekani, waliyaeleza mwaka 1941. Huingia kwa njia ya pua, si kwa tumbo. Mbona basi paka hutafuna? Kwa sababu jani lililopondwa hutoa harufu nyingi kuliko jani zima. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iwate, Japani, walionyesha faida nyingine: paka akijisugua kwenye matatabi, mmea wa kwao wenye nguvu ya namna hiyo, mbu wanaomtua hupungua. Huo si ulevi mtupu!

Si paka wote wanaoupenda. Yapata 2 katika kila 3 ndio hulewa, na jambo hili hurithiwa kwa wazazi. Kitoto cha paka cha miezi miwili hakitajali hata kidogo. Simba naye hulewa, chui-milia kwa kawaida hapana. Mnanaa wa chai haufai kwa kazi hii.

Sasa tuje kwenye hatari, na hatari kubwa haimo katika majani. Paka akila majani mengi huenda akatapika au kuharisha, kisha hupona. (Mafuta yaliyokamuliwa na kutiwa chupani ni mambo mengine, msimpe, maana ini la paka halina nguvu ya kuyavunja mengi ya mafuta ya namna hiyo.) Kinachoua ni uzi. Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea kooni, kwa hiyo kilichonaswa hapo ni vigumu kutemwa. Hana budi kumeza. Ncha moja ya uzi hushikwa chini ya ulimi au tumboni, na nyingine huteremka. Matumbo hujikunja juu yake kama kiuno cha suruali ya kulalia kinavyojikunja ukivuta kamba, na mwisho uzi hukata utumbo. Ukiona uzi umetokeza kinywani au nyuma ya paka, usiuvute kamwe. Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku ile ile.

Kwa hiyo dukani, kichezeo chenye macho ya vifungo, utepe, manyoya yaliyogundishwa au kengele ndogo kirudishe mahali pake, hata kiwe kizuri namna gani. Afadhali kushona mwenyewe. Twaa kipande cha marekani au suruali kuukuu ya jinzi, ukishone mfuko wa urefu wa kiganja, usioweza kuingia wote kinywani. Ujaze vipande vifupi vya kitambaa pamoja na kijiko kimoja cha majani makavu, ukashone mara mbili, ncha za uzi zikiwa ndani. Mkia usiutie. Paka hatauulizia.

Majani yakikosekana, karatasi iliyofinyangwa kuwa tufe na sanduku tupu la maboksi vitamchezesha jioni nzima. Ukipenda kuburura kitu kwa kamba ili akifukuze, burura, ila kamba iishike wewe, na mchezo ukiisha ifungie kabatini.

Mfuko wenye mnanaa uweke katika mkebe uliofunikwa, maana harufu hupotea upesi. Kabla ya kumpa paka uufinye kwa vidole ili majani yavunjike, na utazame mishono. Ukitatuka hata kidogo, shona upya au utupe.